Namkimbia Mungu kama mwenye deni

Mheshimiwa Padri,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Bukavu, muuzaji wa vitenge katika soko la Kadutu. Nakuandikia kwa sababu sala ya ukimya, niliyotumaini ingenipa amani, imekuwa kwangu mahali pa kuhesabiwa makosa.

Mwaka 2023 mama yangu alipougua, nilimwekea Mungu nadhiri ya kufunga kila Ijumaa na kusali rozari nzima mpaka apone. Niliishika miezi mitano. Kisha, kwa uchovu wa kulala hospitalini kando ya kitanda chake, nikala Ijumaa mbili mfululizo, na wiki iliyofuata mama akafariki. Hakuna aliyenilaumu, lakini tangu siku ile kila jema ninalotenda naliona kama malipo kidogo ya deni lisilokwisha.

Baadaye mtawa mmoja alitufundisha katika shirika letu kukaa mbele ya Sakramenti Takatifu bila maneno mengi, tukilitaja jina la Yesu polepole kwa kufuata pumzi. Alitusimulia habari za Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyesinzia mara nyingi katika sala wala asikate tamaa, kwa kuwa mtoto hupendwa na wazazi wake akilala kama anavyopendwa akiwa macho, na ambaye mwaka 1895, alipojitoa kwa Upendo wenye Huruma, aliandika kwamba jioni ya maisha yake angefika mbele za Mungu mikono mitupu. Neno hilo lilinitisha, kwa maana sisi wa sokoni hatujui kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Ninalo daftari la madeni. Tangu vita vifike mjini Februari 2025 wateja wengi wameshindwa kulipa, akiwemo mjane mmoja ambaye nililifuta jina lake kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, mwenyewe akitazama. Hata hivyo hupita njia ya wauza samaki ili asionane nami, na tukikutana ghafla huanza upya kunieleza lini atalipa. Inaniuma sana. Jioni moja kanisani nikatambua kwamba ndivyo ninavyomfanyia Mungu. Nikalia, na kesho yake nikaamka nikihesabu tena.

Padri, je, nadhiri ile bado inanifunga, au paroko wangu anaweza kunifungua? Mtakatifu Yohane wa Msalaba anafundisha kwamba ukavu katika sala waweza kuwa kazi ya Mungu mwenyewe. Nitautofautishaje na majuto ninayojitwisha? Hesabu zile zikinijia katika ukimya, nizikatae, nimweleze Yesu moja baada ya nyingine, au niziache zipite na kulirudia jina lake? Wapo wanaonishauri niache ukimya nirudie novena, zile sala za siku tisa mfululizo, nami nazipenda novena, ila naogopa kwamba nitazifanya nazo malipo. Tena Mtakatifu Ignasi wa Loyola alionya kwamba wakati wa ukiwa wa roho, yaani roho inapokosa faraja, mtu asibadili uamuzi aliokuwa nao kabla, ndiyo maana sijathubutu kuacha.

Zamu yangu ya kuabudu ni kila Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Naomba unieleze nikae namna gani katika saa ile moja.

Binti yako katika Kristo,
Mama wa Kadutu, Bukavu