Kaka, wakwe wa Tanga hawatatembezwa kwa siku moja

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako niliupata: "Dogo, nitumie sehemu tano za kuwatembeza wakwe Iringa, wana siku moja tu." Nimekaa bila kujibu mpaka shemeji akapiga simu kuuliza kama naumwa. Siumwi. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu huwa unakata kabla sijamaliza, na wako wengi huko Dar wanaowauliza ndugu zao wa huku swali hilohilo.

Kwanza hongera. Mtoto wetu kapata watu wenye heshima, na ulivyokubali mahari ipokelewe kwa bibi yake badala ya kumalizana huko kwenu, Mama amefurahi kuliko unavyodhani. Ukuta wa mbele umeshapakwa chokaa.

Ila siku moja haitoshi. Waje Alhamisi, mahari iwe Jumamosi. Mkitoka Dar alfajiri, mkishaumaliza mlima Kitonga msikimbilie mjini, simameni Lugalo kwenye mnara. Waambie wageni kwamba hapo ndipo jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilipowavizia Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akauawa. Baba alikuwa hapapiti bila kusimamisha gari, hata mvua inyeshe. Na masweta yawe mkononi, yasifungiwe kwenye mabegi. Mwezi wa saba huku watu wa pwani wanatetemeka mpaka unawaonea huruma.

Ijumaa asubuhi wapelekeni Isimila, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, kabla jua halijawa kali. Kushuka korongoni kwenye zile nguzo za udongo kunataka viatu visivyoteleza, wazee waambiwe mapema. Wataona shoka za mawe za watu walioishi pale zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Mkirudi mjini mkanywe chai Neema Crafts. Baadhi ya wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi, na mama mkwe atapapenda. Sokoni mwacheni achague kikapu cha milulu mwenyewe, abishane bei mwenyewe, asiharakishwe na mtu. Jioni ni Gangilonga, juu ya jiwe, mji wote ukiwa chini yenu.

Kalenga nimeiacha makusudi.

Unajua nitakachosema. Ulipokuja na wenzako wa kazini mkielekea Ruaha, mimi ndiye niliyeomba tupite makumbusho, maana Kalenga iko njia hiyohiyo. Yule mzee anayeeleza wageni alisimama kando ya kabati la kioo lenye fuvu la Mkwawa, kofia ameivua, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa amefika pale Mkwawa anapojiua mwaka 1898 na kichwa chake kinapelekwa Ujerumani. Simu yako ikalia. Ukapokea. Ukaanza mambo ya saruji, mifuko mingapi, lori lipi, kwa sauti ya kazini kwako, na fuvu liko mbele yako. Mzee akanyamaza, akasubiri. Ulipokata ukawaambia wenzako, "Twendeni, mengine mtayasoma kwenye simu." Hata kumuaga hukumuaga.

Mimi nilibaki ndani mpaka akamaliza, jinsi mkataba wa Versailles, ule wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulivyoagiza fuvu lirudishwe, na jinsi ilivyochukua hadi 1954 kwa Gavana Twining wa Waingereza kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa mwenyewe. Nje mlikuwa mnapiga honi.

Njiani ukasema nimekuaibisha mbele za watu. Sikukuaibisha, Kaka. Nilifanya ambacho Baba angefanya. Na wewe unakijua kuliko mimi, kwa sababu nilipokuwa mdogo ni wewe uliyenishika mkono mlangoni pale, ukanieleza habari yote hata kabla mwenyeji hajafungua mdomo. Tarehe zote ulikuwa nazo kichwani, nami nilikuona mtu mkubwa kuliko walimu wangu. Angefanya vile mgeni nisingekumbuka.

Nasikia unawaambia watu nimeng'ang'ania mji mdogo. Nimebaki na Mama. Kila mgeni unayemtuma huku anapokelewa na mimi, analishwa na mimi, na anarudi Dar akikusifia wewe kwa ukarimu. Sijawahi kulalamika, na hata leo silalamiki, nataka tu ujue kwamba ninaposema mahali fulani pakaliwe saa mbili, nina sababu. Nimeshawaona watu wanaofika Gangilonga, wanapiga picha na kushuka, kisha wanasema Iringa hakuna kitu.

Kwa hiyo sehemu tano sina. Kalenga iwe Jumapili, mahari ikishapita na wale watu wakiwa ndugu zetu kabisa. Ni kama kilomita 15 tu. Simu zibaki garini, yako iwe ya kwanza. Yule mzee bado yupo. Sitaki umwombe radhi mbele ya wakwe zako, mwamkie tu, halafu mwache aongee mpaka mwisho, maana baba mkwe ni mtu wa kusikiliza, nimeambiwa.

Gari mnalokuja nalo lina viti vingapi? Mama anataka twende naye, na unajua hapandi siti ya nyuma.