Kabla hujapandisha kifurushi, itazame ruta

Wenye maduka, ofisi na nyumba za wageni hapa Mtwara wanatuletea lalamiko moja: "Nimepandisha kifurushi, intaneti bado inasuasua." Mara nyingi laini haina kosa. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime spidi. Kisha chomoa, upime kwa waifai ukiwa pale unapofanyia kazi. Kwa waya ikikimbia na kwa waifai ikajikokota, hela ya kifurushi inaishia kwenye ruta.

Ikijikokota hata kwa waya, tazama kwanza tundu la ruta la kuingizia intaneti. Ruta nyingi za bei nafuu, tundu hilo mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde, hata kama boksi limeandikwa 1200. Namba ya kwenye boksi ni jumla ya kasi za mawimbi mawili ya waifai, gigahezi 2.4 na 5, tena kwa vipimo vya maabara. Unalipia megabiti 200? Dai tundu la gigabiti, yaani megabiti 1000.

Halafu kuta. Gigahezi 5 ina kasi ila ukuta unaishinda upesi, 2.4 inafika mbali, lakini ndiyo waliyojazana majirani wote. Kwenye majengo ya kale ya Mikindani, yale ya mawe ya matumbawe, chumba cha pili tu mawimbi yameshanyong'onyea. Hapo usihangaike na wingi wa antena (nyingine ni urembo tu). Vuta waya hadi katikati ya korido, ufunge kifaa cha pili cha kusambaza waifai. Vile vya kudaka mawimbi na kuyarusha tena ni rahisi kufunga, lakini vya bei ya chini hukata kasi karibu nusu.

Kompyuta ya hesabu na simu za wageni zisikae kwenye waifai moja. Ruta isiyoweza kuzitenganisha, iache dukani.

Kuna siku ruta haina dawa: 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Lakini fiba, waya unaoleta intaneti hadi kwako, ikikatwa na wachimba mtaro, ruta inayopokea pia laini ya simu huhamia huko yenyewe. Msimu wa korosho, ofisi ya ghala isiikose.

Umeme nao. Betri ndogo ya ruta inatosha, ila soma volti kwenye adapta: ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza. Ukija kwetu, njoo na picha ya kibandiko cha chini ya ruta na cha adapta; huenda usihitaji kununua nyingine.