Julian Bond hakustahili sentensi moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu John Lewis, mwanaharakati wa haki za Weusi aliyekuja kuwa mbunge wa Marekani, niliisoma hadi nukta ya mwisho, na sina ugomvi na sifa mlizommiminia. Alizistahili. Lakini mlipofika mwaka 1986 mlimtaja Julian Bond katika sentensi moja, kwamba ni mwanasiasa wa jimbo aliyebwagwa na Lewis katika mchujo wa chama cha Democratic jijini Atlanta, kisha mkasonga mbele. Msomaji asiyejua atadhani Bond alikuwa mgombea wa kupita tu. Ukweli ni kwamba kiti alichonyakua Lewis, cha eneobunge la tano la Georgia katika Congress, bunge la taifa, kilikuwa na mipaka ile kwa sababu Bond alikuwa amekipigania miaka mitano kabla, akiwa katika Seneti ya jimbo ambayo mwandishi wenu anaipuuza.

Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940. Babu yake alizaliwa utumwani, na baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza chuo cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo alikosomea Kwame Nkrumah. Julian aliyakatiza masomo yake katika chuo cha Morehouse, Atlanta, ili awe msemaji wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyokuwa ikipambana na ubaguzi wa rangi kusini mwa Marekani. (Jaramogi Oginga Odinga alipozuru Atlanta Desemba 1963, siku chache tu baada ya Kenya kupata uhuru, vijana wa SNCC walikwenda kumlaki hotelini. Walipotoka waliingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa ajili ya rangi yao, na kadhaa wakaishia korokoroni. Kisa hicho sijui kwa nini magazeti yetu hayakisimulii.)

Mwaka 1965, mahakama zilipolazimisha Georgia kuchora upya mipaka ya viti vya bunge lake, Bond aligombea Baraza la Wawakilishi la jimbo. Hakuahidi miujiza. Alitaka kima cha chini cha mshahara kiwe dola 2 kwa saa, na mtihani wa kusoma na kuandika waliokuwa wakitahiniwa wapigakura ufutwe. Akashinda kwa kishindo.

Kabla ya kuapishwa, tarehe 3 Januari 1966, mwanaharakati Sammy Younge, aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji, alipigwa risasi akafa huko Tuskegee, Alabama, baada ya kutaka kutumia choo cha Wazungu kwenye kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Aliyelisoma ni John Lewis, mwenyekiti wao wakati huo. Bond alipoulizwa na wanahabari alisema analiunga mkono. Kuhusu waliochoma kadi zao za kuitwa jeshini, alisema yake hataichoma, ila anaustahi ujasiri wao.

Basi tarehe 10 Januari Baraza likapiga kura 184 kwa 12 kumnyima kiti. Martin Luther King, ambaye alikuwa mkazi wa eneo hilo, aliongoza maandamano na kujiunga na kesi kama mpigakura aliyenyang'anywa mwakilishi wake. Februari wakazi wakamchagua Bond tena, na wakubwa wa Baraza wakakataa tena. Novemba wakamchagua mara ya tatu. Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua kwamba mwakilishi wa watu anastahili uhuru mpana wa kusema maoni yake kuhusu sera, na kwamba Georgia ilimvunjia haki. Januari 1967 aliapishwa.

Ya mkutano mkuu wa Democratic wa Chicago wa 1968, alipopendekezwa kuwa mgombea wa makamu wa rais akajitoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 ilhali katiba inataka 35, nayapita. Ndiyo watu hupenda kuyasimulia.

Mimi naona uzito uko mwaka 1981. Bond alikuwa seneta wa jimbo tangu 1975, na baada ya sensa ilibidi mipaka ya viti vya Congress ichorwe upya. Alitaka Weusi wa Atlanta wasigawanywe, wawe na kiti kimoja wanachoweza kuamua wenyewe nani akikalie. Alishirikiana na Paul Coverdell, kiongozi wa Republican katika Seneti hiyo, ambaye alikuwa na hesabu zake: Weusi wakikusanywa pamoja, vitongoji vya Wazungu vinavyobaki vinakuwa rahisi kwa chama chake. Ushirika huo ulikera wengi ndani ya Democratic, na hawakukosa sababu. Seneti ilipitisha mpango wa Bond, Baraza la Wawakilishi likaukataa na kuja na ramani nyingine. Mwaka 1982 mahakama ya shirikisho jijini Washington iligundua kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa nia ya kibaguzi, na ikabidi eneobunge la tano lichorwe upya, Weusi wakiwa wengi waziwazi.

Wyche Fowler, Mzungu, aliendelea kulishikilia hadi alipoondoka kuwania Seneti ya taifa. Hapo ndipo marafiki wawili wa SNCC walipokutana uso kwa uso. Duru ya kwanza Bond aliongoza kwa takriban asilimia 47. Duru ya pili Lewis, aliyejinadi kama mchapakazi mbele ya mtu wa majukwaa, alishinda 52 kwa 48 kwa msaada mkubwa wa kura za Wazungu. Ni kweli Bond alisafiri mno kutoa mihadhara, na shutuma kwamba aliitelekeza kazi ya bunge la jimbo hazikutoka hewani. Mngeandika hayo nisingelalamika.

Bond alikuja kuongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015. Lewis alikalia kiti kile hadi alipofariki Julai 2020. Mkiichapisha tena makala hiyo, naomba sentensi yenu kuhusu 1986 itanguliwe na nyingine, itakayosema mipaka ya kiti hicho ilipiganiwa na nani mwaka 1981.

Msomaji wenu,
Nakuru