Daraja la dereva wa jangwani lipimwe pia kwenye buti la gari lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na wenzangu walio katika vilabu vya kuendesha magari jangwani, na hasa viongozi wanaoamua nani apande daraja na nani asubiri. Vilabu hivi vimefanya kazi ya kusifiwa. Vimeuchukua mchezo ambao zamani ulikuwa wa mtu kujitosa mchangani peke yake na kuutia utaratibu, mafunzo na uongozi. Hata hivyo lipo pengo ambalo sijaliona likijadiliwa kwa uzito unaostahili: tunachunguza kwa makini jinsi dereva anavyopanda tuta la mchanga, lakini hatuchunguzi jinsi alivyofunga vitu vilivyomo ndani ya gari analopandia tuta hilo. Rai yangu ni kwamba mambo haya mawili ni ujuzi mmoja, na kwamba mtu asihesabiwe kuwa dereva wa daraja la kati, seuze la juu, ikiwa jeki, madumu na masanduku yake yamelala huru nyuma ya kiti chake.

Kwa msomaji asiyeufahamu utaratibu wenyewe, niseme kwamba vilabu vingi, hasa katika nchi za Ghuba ambako jangwa la Rub' al Khali liko karibu na miji, hugawa wanachama na safari zao katika madaraja ya wanaoanza, wa kati na wa juu. Safari hutangazwa pamoja na daraja lake, na mwanachama hajiungi na iliyo juu ya uwezo wake ila kwa ruhusa ya kiongozi. Mbele huenda kiongozi anayesoma njia, nyuma kabisa huenda dereva mzoefu anayefunga msafara ili asiachwe mtu, na kila aliye kati yao ana wajibu wa kuhakikisha kwamba anamwona kwenye kioo yule anayemfuata. Mgawanyo huu haukuwekwa ili kuwatukuza wengine na kuwashusha wengine. Uliwekwa kwa sababu msafara hauwezi kuwa imara kuliko dereva wake aliye dhaifu zaidi, na akiingizwa asiyeweza, atakwama, atawakwamisha wenzake, na pengine atapindua gari mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki.

Mambo ya kumpima dereva yanajulikana. Anayeanza ajue kupunguza upepo wa matairi: gari linalotembea lami kwa psi (kipimo cha shinikizo la upepo wa tairi) 32 hadi 35 hushushwa hadi kati ya 15 na 18, ili tairi lilale, lirefuke na kuusambaza uzito wa gari juu ya mchanga mwingi zaidi. Ajue pia kwamba upepo ukishuka chini ya 10, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu mara tu atakapokata kona kwa nguvu. Wa daraja la kati ajue kulisoma tuta. Upande unaokabili upepo huwa na mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikana, ilhali upande wa pili ni poromoko lenye mwinamo wa nyuzi 32 hadi 34 hivi, na mchanga wake ni legevu kwa sababu umejimwaga tu na kutulia pale ulipoweza kutulia. Ukingo wa tuta huvukwa kwa kuukabili moja kwa moja, si kwa ubavu, na kwa mwendo unaotosha kulipitisha tumbo la gari bila kulirusha. Gari likianza kuteleza kwa ubavu kwenye poromoko, usukani huelekezwa chini, japokuwa moyo wa mtu humwambia aukate kuelekea juu, na kuukata huko ndiko kunakolipindua gari. Wa daraja la juu, pamoja na hayo yote, aweze kuwatafutia wengine njia na kuwanasua waliokwama bila kumuumiza mtu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalopatikana kwa kuhesabu safari. Nasikitika kusema kwamba katika vilabu vingi hesabu ya mahudhurio ndiyo iliyogeuka kuwa mtihani: mtu akishahudhuria mara kadhaa, hupandishwa. Lakini anayefuata njia iliyokwisha kukanyagwa na magari sita mbele yake hajasoma tuta hata moja, na thamani ya gari lake, au urafiki wake na viongozi, haimwongezei ujuzi wowote. Mwanachama abaki daraja la chini mwaka mzima bila aibu, kuliko kupewa cheo ambacho siku moja kitamdai asichokuwa nacho.

Sasa nije kwenye mizigo. Watu wengi hudhani kwamba vitu ndani ya gari huwa hatari pale tu magari mawili yanapogongana barabarani. Jangwa halihitaji gari la pili. Gari linaloruka ukingo na kushukia pua katika bonde dogo la mchanga husimama kwa umbali mfupi mno, na kila kitu kisichofungwa huendelea na safari yake hadi kizuiwe na kitu kingine. Mara nyingi kinachokizuia ni mtu. Tuchukue gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa, tuseme limesimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dumu lenye lita 20 za maji, yaani kilo 20 bila kuhesabu chombo chenyewe, litahitaji kuzuiwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 280 hivi. Na asiyeelewa maana ya kilomita 50 kwa saa afikirie kwamba huo ndio mwendo ambao dumu hilo lingekuwa nao likidondoka kutoka urefu wa karibu mita 10. Hakuna mtu ambaye angekubali kukaa chini ya ghorofa ya tatu huku dumu limewekwa ukingoni juu ya kichwa chake, lakini tunawaweka abiria wetu, na watoto wetu, mbele ya madumu hayo hayo.

Gari likibiringika hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa vitu haviendi mbele peke yake. Huzunguka ndani ya gari pamoja na watu, na dereva aliyeokolewa na mkanda wake anaweza kuuawa na jeki yake mwenyewe. Kanuni za kufunga mizigo kwenye malori barani Ulaya hutaka vifungo viweze kuzuia, kwa upande wa mbele, nguvu iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya mwendo wa kawaida barabarani, wa kufunga breki na kukata kona. Gari la jangwani hudunda, huinama pua, hulala ubavu, na dari lake linaweza kuwa sakafu. Kwa hiyo kifungo cha jangwani hakina budi kuushinda uzito wa kitu chenyewe mara nyingi, na kukizuia kisinyanyuke pia, jambo ambalo wanaofunga vitu kwa kuangalia mbele na nyuma tu hulisahau.

Ufungaji wenyewe si elimu ngumu. Vitu vizito vikae chini, vikiwa vimeegemea mgongo wa kiti na kuwa mbele ya ekseli ya nyuma, na juu yao au nyuma ya viti pawe na wavu au kizuizi cha chuma. Mikanda ipitishwe kwenye pete zilizofungwa kwa bolti katika bodi ya gari, si kwenye vishikio vya plastiki vilivyowekwa kwa ajili ya mifuko ya sokoni. Iwe mikanda ya kukaza kwa racheti, yaani kibano chenye meno kisichouacha mkanda urudi nyuma, yenye kipimo cha nguvu kilichoandikwa juu yake. Kamba za mpira zenye ndoano, ambazo naziona karibu kila safari, hazifungi kitu: huvutika, huuacha mzigo upate mwendo, kisha hukatika au huurudisha kwa kasi. Sanduku la vifaa lifungwe lenyewe na mfuniko wake pia ufungwe, kwani spana zikimwagika angani sanduku lililobaki mahali pake halitamsaidia mtu. Friji, ambalo likijazwa huweza kufika kilo 40, lisiachiwe kushikiliwa na mikono yake ya kubebea. Na baada ya matuta ya kwanza msafara unaposimama, kila mmoja akaze mikanda yake upya, maana vitu hujipanga kwa mtikisiko na mkanda uliokuwa umekaza hulegea.

Vitu vidogo navyo visidharauliwe. Mtungi wa kuzimia moto uliowekwa tu chini ya kiti unaweza kubingirika hadi chini ya pedali ya breki wakati wa kushuka poromoko, nao ndio mtungi ambao dereva angeutegemea kuokoa maisha yake. Ufungwe kwa kishikio cha chuma, mahali ambapo mkono wa dereva unaufikia akiwa bado amefunga mkanda. Chupa ya maji ya kunywa ina hatari ile ile ya pedali. Makopo ya dawa za kupuliza huandikwa onyo kwamba yasiachwe penye joto linalozidi nyuzi 50, na gari lililofungwa vioo chini ya jua la jangwani hupita kiwango hicho. Petroli isibebwe mahali wanapokaa watu hata kama dumu linaonekana zima. Wala keria ya juu si jibu la kila kitu: mzigo wa juu huinua kitovu cha uzito, hulifanya gari lipinduke upesi zaidi kwenye mteremko wa ubavu, na watengenezaji wengi huruhusu mzigo mdogo zaidi kwenye keria gari likiwa nje ya barabara kuliko likiwa kwenye lami.

Nigusie vifaa vya kunasulia magari, kwa sababu hapo ndipo daraja la dereva na mizigo yake huonekana wazi kuwa jambo moja. Ralph Bagnold, Mwingereza aliyevuka Jangwa la Libya kwa magari katika miaka ya 1920 na 1930, alisafiri na mabamba ya chuma ya kuweka chini ya magurudumu yaliyozama, na alijua faida ya kupunguza upepo wa matairi. Mabamba ya leo ni ya plastiki ngumu, lakini kazi ni ile ile. Sepetu na mabamba hayo vifungwe imara na bado viweze kufunguliwa haraka, kwani kifaa kilichozikwa chini ya mahema na magodoro ni sawa na kilichoachwa nyumbani. Kamba ya kunyumbuka, ambayo huweza kurefuka hadi asilimia 30 ili kulivuta gari lililokwama, huhifadhi nguvu ya kutisha, na isifungwe kamwe kwenye kichwa cha mviringo cha kukokotea tela: vichwa hivyo vimekatika na kuruka kama risasi, na watu wameuawa. Ifungwe kwenye sehemu za kuvutia zilizounganishwa na chesisi, blanketi zito liwekwe juu yake, na watazamaji wasogee mbali. Mwanachama anayebeba kamba hiyo bila kujua mahali pa kuifunga kwenye gari lake mwenyewe amebeba hatari, na kiongozi aliyempandisha daraja bila kumwuliza ana sehemu yake katika hatari hiyo.

Najua kuna wenzangu watakaosema kwamba ukaguzi wa mizigo utawakimbiza wageni, au kwamba mchezo huu ni wa kujifurahisha na haufai kugeuzwa kituo cha polisi. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa vilabu vinaishi kwa wageni. Lakini mgeni ndiye asiyejua, naye ndiye anayekuja na gari lililojazwa kila kitu alichoambiwa anunue, bila mtu kumwonyesha pa kukiweka. Kumwonyesha ni ukarimu. Wanaochukia ukaguzi, kwa jinsi nilivyowaona, si wageni bali ni wakongwe ambao hawajafungua masanduku yao kwa miaka na hawataki yafunguliwe mbele ya watu.

Muda wa kufanya kazi hii upo, na hauhitaji kutafutwa. Kila msafara husimama kwenye ukingo wa jangwa kwa dakika kumi na tano au zaidi ili matairi yapunguzwe upepo, na wakati huo wengi huwa wamesimama wakizungumza. Dakika hizo zinatosha kwa kiongozi na mfunga msafara kupita gari kwa gari, kufungua buti, kukishika kila kitu kizito na kukivuta mbele, pembeni na juu. Kinachosogea kifungwe upya au kihamishiwe gari lenye nafasi ya kukifunga. Kisipofungika, kiachwe kwenye magari yanayobaki lamini. Matokeo yaandikwe pamoja na kumbukumbu za uendeshaji za mwanachama, na siku anapoombewa daraja jipya kumbukumbu zote mbili zisomwe. Naomba viongozi waanze kufanya hivyo safari ijayo, na gari la kwanza kufunguliwa liwe la kiongozi mwenyewe.

Wako mtiifu,
Msomaji na mwanachama wa klabu ya jangwani