Tufundishane kusali kungali na nafuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Wakristo wenzangu wa Mtwara na Lindi juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka jana, nalo ni desturi yetu ya kuitafuta imani siku ambayo shida imekwisha kuingia ndani.

Sisi wakulima wa korosho hatuhitaji kufundishwa maana ya kutangulia. Ifikapo Juni, mikorosho inapoanza kuchanua, mtu huamka alfajiri kabla ya upepo, akajifunga kitambaa puani na kupuliza dawa ya unga ya salfa, ingawa ukiyatazama maua hayana doa hata moja. Hakuna anayesubiri ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, uonekane ndipo aende dukani, maana ua likishakuwa jeusi na kukauka, salfa hata mifuko kumi haiwezi kulirudisha. Akili hiyo tunaiacha shambani. Oktoba minada ikifunguliwa na fedha zikaingia, mabenchi ya kanisani hubaki wazi. Tunarudi mfuko ukiwa umekwisha au mgonjwa yuko kitandani, tukimtaka mchungaji atuombee yale ambayo sisi wenyewe hatujui kuyaomba.

Siandiki haya ili kuwanyooshea wengine kidole. Machi mwaka jana mwanangu wa miaka sita alishikwa na malaria kali akaishiwa damu, nikakesha naye wodini siku mbili. Mimi nilipata kipaimara nikiwa darasa la sita, na leo ni mzee wa kanisa. Hata hivyo usiku ule wa kwanza, nilipotaka kusali, nilichokikuta kinywani ni ahadi tu: nilimwahidi Mungu magunia mawili ya korosho, kisha matatu, kama mtu anayepatana bei. Nilifungua Biblia kwenye simu, nikapekua huku na huku bila kujua ninachokitafuta, mpaka chaji ikaisha.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo bibi mmoja akimuuguza mjukuu wake. Umeme ulikuwa umekatika. Gizani nikamsikia akisema Zaburi ya 121, yote, mstari kwa mstari, polepole, huku akimpepea mtoto kwa ncha ya khanga. Nilipomuuliza aliijuaje bila kitabu, alinijibu, "Mwanangu, hii sikuitafuta leo. Mama yangu alinifundisha tukipalilia mihogo, tuta moja mstari mmoja." Karibu na mapambazuko mjukuu yule alifariki. Bibi akamfunika kwa khanga ileile, akalia kama mfiwa yeyote anavyolia, kisha ndani ya kilio hicho nikaisikia zaburi inaendelea. Mwanangu mimi alipona. Nayataja yote mawili kwa sababu sitaki msomaji adhani nasema kwamba imani iliyotayarishwa mapema huzuia kifo. Bibi yule alikuwa nayo na alikwenda kuzika, nami sikuwa nayo na nikarudi na mtoto nyumbani. Ila yeye alikuwa na pa kushika, na mimi nilikuwa nimeshika simu iliyozimika.

Danieli naye, alipojua kwamba amri ya kukataza watu kusali imekwisha kutiwa sahihi, hakuanza siku hiyo. Maandiko yanatuambia alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Tunapenda kulihubiri tundu la simba na kuliruka neno hilo dogo, "tangu zamani", ambalo kwangu mimi ndilo linaloieleza habari yote.

Tena tuna habari yetu wenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja kupitia Lindi akiwa na watu waliokombolewa kutoka utumwani, nao wakaanzisha kijiji cha misheni hapa Masasi. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1882, Wamagwangwara, yaani Wangoni, walikivamia, wakaua watu na kuteka wengine, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni ya Masasi ilichomwa moto, na zile za watawa Wakatoliki wa Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zikaangamizwa pia. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianza upya pale Ndanda, na Masasi nayo ikainuka. Majengo yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo naamini kilichowarudisha watu kwenye sala ni kile walichokuwa wamekwisha kukiweka moyoni wakati wa utulivu, ambacho moto haukukifikia.

Ombi langu kwa mapadre, wachungaji na makatekista ni kwamba mafundisho yasikome siku ya kipaimara. Watu wazima nao wafundishwe zaburi na sala kwa kichwa, na mahubiri juu ya mateso na kifo yasisubiri jeneza liwe mbele yetu, kwa kuwa mfiwa siku hiyo hasikii mengi. Jumuiya zikutane hata Novemba fedha zinapokuwa mkononi. Nadhani hasa Novemba. Nasi wazazi tusiwaachie walimu wa shule ya Jumapili kazi yote, maana wao hukaa na watoto wetu saa moja au mbili tu kwa juma.

Nyumbani kwangu tumeanza na Zaburi ile ya 121, mstari mmoja kila juma, tukiisema jioni kabla ya kula. Sasa tuko mstari wa tano, na mwanangu yule ndiye anayenisahihisha nikikosea.

Mkulima na mzee wa kanisa,
Masasi, Mtwara