Barua kwa Neema, kabla hajaanza na wanafunzi wake

Ihumwa, Dodoma
14 Februari 2026

Mpendwa Neema,

Mbukwenyi! Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Imani na watoto. Sisi hatujambo. Mvua za mwaka huu zimekuja kwa kurukaruka, mahindi yamesinyaa lakini uwele umesimama vizuri, na zabibu za kule Hombolo zimeanza kushuka sokoni. Nikipata mtu wa kuja Manyoni nitakutumia kikapu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umefanya vizuri kukubali kuwashika mkono hao kumi na wawili wa kidato cha tano na sita kwenye maombi ya ufadhili. Ila umeniomba nikutumie mfano wa insha nzuri ili waufuate, na hapo, rafiki yangu, ndipo ninapokukatalia. Mfano ninao. Niliuandika mimi, na ulimponza mtoto wa watu. Hilo sikuwahi kukusimulia.

Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja, mtulivu, anasoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati. Mama yake ni mwanachama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, huko kijijini kwao Chamwino, wanawake ishirini na saba wanaokutana kila Jumatano na sanduku lao la kufuli tatu. Tangu binti huyu akiwa kidato cha pili, kila likizo daftari la kikundi analiandika yeye, kwa sababu mwandishi wao macho yamechoka. Siku moja fedha sandukuni zikapungua shilingi 10,000 kulinganisha na daftari. Kina mama wakaanza kutupiana macho, maneno yakaanza kutoka. Mtoto akawaomba wasiondoke. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, jua likazama, wakamwashia tochi ya simu, mpaka akakuta hisa tano za mama mmoja zimeandikwa mara mbili wiki sita nyuma. Juma lililofuata akawachorea kurasa upya, kila hisa ikawa na alama yake na ya mwenye hisa.

Alinisimulia haya tukiwa tunapukucha mahindi. Mimi nikayachukua nikayapamba. Nikaandika kwenye insha yake kwamba aliongoza mradi wa kuwawezesha wanawake wa kijijini kiuchumi. Kiingereza kilinyooka, nami nikajiona nimemsaidia. Chuo kikamwita kwenye usaili kwa njia ya video. Wakamwuliza: mradi huo mliuanzishaje, bajeti yake kiasi gani, ulipimaje mafanikio? Akanyamaza. Nilikuwa nimekaa pembeni ya meza, namwona anavyolowa jasho. Tulipozima kompyuta akaniambia, bila hasira hata kidogo: "Mwalimu, nilikuwa natafuta majibu kwenye insha yako."

Hakupata. Wangemwuliza kuhusu lile daftari angeongea saa nzima, ila daftari mimi nilishalifuta.

Ndiyo maana siku hizi kalamu siishiki mpaka nimesikiliza. Jumamosi tunakaa wawili wawili darasani, mmoja anasimulia kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kama ndiko anakojisikia huru, mwenzake anaandika kwenye daftari la kurasa 40. Maswali niliyowapa wasikilizaji ni ya kawaida kabisa: ikawaje? Ulijuaje? Wangapi? Nani alikataa? Ukafanya nini baada ya hapo? Tunakaa hivyo wiki tatu, nne, kabla neno la Kiingereza halijaandikwa. Mwanzoni wazazi wawili walinilalamikia kwamba nawapotezea watoto muda. Sikubadili.

Utakachokutana nacho siku ya kwanza ni "mimi sijafanya lolote". Wanaliamini kweli. Wamelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hajisifu, na mmoja wangu alinijibu kwa methali ya mgema na tembo. Nikamwambia asijisifu basi, asimulie tu kama shahidi anavyosimulia mbele ya baraza la kijiji: aliona nini, alifanya nini, saa ngapi. Hilo lilimfungua. Tena wengi wanadhani "shughuli" maana yake ni urais wa klabu au medali ya mashindano, vitu ambavyo shule zetu hazina kwa wingi. Waambie hivi: Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, una sehemu ya shughuli yenye nafasi kumi, na katika aina wanazozitambua zipo kazi za malipo na majukumu ya kifamilia. Kumwogesha bibi, kulea wadogo, kuuza kwenye genge la mama jioni, vyote vina mahali pake. Ila maelezo ya kila nafasi hayazidi herufi 150, kwa hiyo "ninasaidia nyumbani" ni kupoteza nafasi. Andika ni wadogo wangapi, saa ngapi kwa wiki, unafanya nini hasa. Insha kuu mwisho wake ni maneno 650, na wakishazoea kusimulia utawaona wanalia kwamba hayatoshi.

Nina kijana mmoja wa PCM, fizikia, kemia na hisabati, mwaka huu. Insha yake ya kwanza ilisema tangu utotoni ndoto yake ni kuwa injinia. Nikamwuliza juzi alipokwenda kwao alifanya nini. "Nilichota maji tu, Mwalimu." Ulichotaje? Basi ndipo ikatoka. Kisima cha kijiji chao kina foleni, na kina mama walikuwa wanatoka alfajiri kuwahi kupanga madumu, ugomvi kila siku. Yeye akakusanya vizibo vya soda sitini, akavichonga namba kwa msumari, kila anayefika anachukua kizibo na kurudi nyumbani kuendelea na kazi. Wajanja wakaanza kuchonga vizibo vyao. Akaanza kubadili rangi kila juma: wiki ya vyekundu, wiki ya vyeusi, hakuna anayejua rangi ya kesho kutwa. Nikamwambia huo ndio uinjinia wenyewe. Akanitazama kama namdanganya. "Hiyo nayo ni kitu?" Insha yake sasa inaanza na kizibo namba 17, cha bibi yake. Kiingereza chake kina makosa, nayapigia mstari kwa penseli na kumwuliza alitaka kusema nini. Sentensi anaiandika yeye. Anachukua siku tatu kwa aya moja, na namwacha azichukue.

Simu nazo zitakuletea kazi. Mwezi uliopita watatu waliniletea insha zinazofanana hadi mahali pa kupumua, wamemwambia akili mnemba awaandikie. Sikuwagombeza sana, maana nilichomfanyia yule binti hakikuwa tofauti. Niliwakalisha nikawauliza maswali ya usaili kutoka kwenye hizo insha. Dakika tano zilitosha.

Sasa kuna jambo linalochanganya walimu wengi, na naomba ulishike. Watoto wetu wanaandika kila ombi kwa sauti moja, ya mtoto anayemwandikia mfadhili wa parokia: mimi ni yatima, tunaishi kwa shida, naomba mnisaidie. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kweli inahitaji kujua hali ya nyumbani, lakini inaijua kwa nyaraka: cheti cha kifo cha mzazi, uthibitisho wa kaya iliyo kwenye TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, fomu iliyosainiwa na serikali ya mtaa. Machozi hayana kisanduku pale. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unaangalia ufaulu wa juu wa kidato cha sita kwenye sayansi, kwa hiyo mtoto wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anayeutaka aachane na insha akafungue kitabu. Vyuo vya nje vinavyotoa ufadhili wa kuombea, kama Ashesi ya Ghana kwenye nafasi za Mastercard Foundation, au African Leadership Academy ya Johannesburg, shule ya kuwaandaa vijana kwa chuo kikuu, wanataka kujua huyu mtoto akikuta tatizo hufanya nini. Umaskini wake wataukuta kwenye fomu za fedha. Ndani ya insha uwe ni ardhi anayosimama, kisima kile, daftari lile, lakini tumwone yeye anavyotembea juu yake. Mtoto aliyefiwa asilazimishwe kusimulia msiba wake eti kwa sababu unauza. Nina binti aliyekataa kumtaja baba yake, akaandika kuhusu kufuga kuku, na ni insha nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huu.

Vyeti. Hapa usilale. Katika kundi langu la kwanza, watoto wanne walikuwa na kadi ya kliniki au tangazo la kizazi tu, cheti cha kuzaliwa hawajawahi kukiona. Wawili majina yalipishana, cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, cha kuzaliwa kinasema vile. Jina la kwenye cheti cha kidato cha nne ndilo litakalomfuata kila mahali, kwa hiyo anza kulinganisha Jumatatu hii hii. Asiye na cheti aende ofisi ya mkuu wa wilaya. Aliye nacho akihakikishe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa sababu Bodi wanataka cheti kilichohakikiwa. Na kumbuka kalenda yetu inavyowabana: wanamaliza mtihani Mei, kisha wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Wa kwangu wengine walipelekwa Makutupora, hapa hapa pua na mdomo, lakini kuwapata ilikuwa kama wako ng'ambo. Matokeo yanatoka Julai, dirisha la mikopo linafunguliwa na kufungwa, na mtoto yuko kwenye gwaride. Karatasi zote ziwe kwenye bahasha kabla ya mtihani, nakala moja kwako, na mzazi au kaka ajue namba ya mtihani na barua pepe yake. Wakirudi kutoka kambini ndipo muda wa vyuo vya Marekani unaanza kukimbia, vingi vinafunga Novemba mosi kwa wanaowahi na mwanzoni mwa Januari kwa wengine.

Barua za walimu za kumpendekeza mwanafunzi zinaniumiza zaidi. Mwenzetu mwenye vipindi thelathini atamwambia mtoto "kaandike mwenyewe, ulete nisaini." Namwelewa, amechoka. Lakini barua hiyo itasema ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii, kama za wenzake wote, na mara nyingi chuo kinataka mwalimu aitume mwenyewe kutoka kwenye barua pepe yake. Mimi ninachofanya ni kwenda ofisini na chai ya tangawizi kwenye chupa, nakaa na mwalimu robo saa, namwuliza tukio moja tu analolikumbuka la huyu mtoto. Mwalimu wa fizikia alinisimulia jinsi yule kijana wa vizibo alivyobaki maabara kutafuta kwa nini sakiti ya kundi lingine haiwaki. Nikamwambia, hayo hayo, yaandike. Akaandika nusu ukurasa, na mpaka leo ndiyo barua bora iliyowahi kutoka shuleni kwetu.

Kuhusu mawakala wanaopita na vipeperushi, sheria yangu ni fupi: akitaka fedha kwa M-Pesa ili "akushikie nafasi", aondoke.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 28 kwa basi la asubuhi la kutoka Nanenane. Kabla sijafika, naomba wanafunzi wako wasiandike insha yoyote. Wape tu madaftari, kila jioni waandike mistari mitano kwa Kiswahili, walichofanya siku hiyo kwa mikono yao wenyewe. Usisahihishe.

Sitakuja peke yangu. Yule binti wa daftari alipata mkopo, sasa yuko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, anasoma takwimu, na Jumamosi nyingi anapanda daladala kuja kukaa na wadogo zake hawa. Yeye ndiye aliyeongeza lile swali la "nani alikataa?" Ana subira kuliko mimi, na mtoto akianza kupamba maneno anamgundua kabla sijafungua mdomo. Nilimwuliza kama ningeweza kukusimulia habari yake. Akasema nikusimulie yote, na la usaili nisiliruke. Nauli yake nimeshaiweka, wewe tutafutie pa kulala.

Wasalimie nyumbani kwako wote.

Rafiki yako,
Joyce