Shoga yangu, nanaa hii uinywe bila sukari

Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na mamangu anakusalimu sana. Sote wazima, alhamdulillahi, ila joto la safari hii si la mchezo. Jagi la nanaa halikosekani kwenye friji yetu, na ndilo hilo uliloniuliza.

Umeniambia hedhi yaruka miezi, vinyweleo vimeanza kuota kidevuni, na daktari amekwambia ovari zina vifuko vingi na homoni haziko sawa, hali waiitayo PCOS. Watafuta kinywaji cha nyumbani cha kukusaidia. Kipo, nami nitakueleza chote. Lakini jua mapema kwamba faida kubwa ya jagi hili ni kule kukosa sukari.

Ukila au kunywa vitu vya sukari nyingi, kongosho hutoa insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu. Kwa wengi wenye hali kama yako, mwili hauitikii insulini vizuri, basi kongosho huzidi kuitoa. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi. Mayai yakashindwa kukomaa, hedhi ikapotea, chunusi na vinyweleo vikajitokeza. Sasa tazama tunavyokunywa sisi: chai ya maziwa yenye sukari na mahamri asubuhi, juisi ya ukwaju ya sukari mchana, jioni soda. Shirika la Afya Duniani lasema sukari ya kuongezwa ni bora isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Soda nyingi za nusu lita zina takriban mara mbili ya hizo, katika chupa moja! Ndiyo maana nataka uwe na kitu baridi na kitamu cha kushika mkononi kiu ikikubana.

Nunua fungu la nanaa mbichi. Mimi huchukua sokoni Marikiti asubuhi, kabla jua halijainyausha. Huko Nairobi pia hutaikosa. Tafuna jani moja kwanza. Unayoitaka ni ile laini yenye harufu tamu. Ile inayouma ulimi kwa ubaridi ni jamaa yake tu, siyo iliyofanyiwa utafiti. Kisha twanga tangawizi ya urefu wa kidole gumba, uichemshe kwa dakika 10 katika lita moja ya maji pamoja na kijiti kimoja cha mdalasini. Zima moto. Hapo ndipo utie nanaa iliyooshwa, konzi mbili, na ufunike papo hapo. Nanaa usiichemshe, tafadhali, maana mafuta yake hupanda na mvuke; jiko lote litanukia na kinywaji kibaki maji tu. Iache dakika 15, chuja, ikishapoa kamulia ndimu moja, halafu weka kwenye friji. Isikae zaidi ya siku mbili.

Ukiona ulimi wadai utamu, ponda iliki mbili tatu uzitie pamoja na tangawizi. Asali usitie. Nayo ni sukari, mwenzangu, hata ikiwa ya nyuki wa porini.

Mdalasini nao uuchague. Chukua ule wa Zanzibar au Pemba, mwembamba, wenye matabaka mengi yaliyojikunja, unaovunjika kwa vidole. Ule mnene wenye gome moja gumu una kumarini nyingi, na kumarini ikizidi huumiza ini. Kwa mtu atakayekunywa kila siku, tofauti hiyo si ndogo.

Kuhusu nanaa, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 huko Uingereza uliwachukua wanawake 42 wenye hali yako. Nusu yao walikunywa chai ya nanaa mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, na testosteroni yao ikashuka. Vinyweleo vilipopimwa na wataalamu havikupungua, kwani nywele huchukua miezi mingi kubadilika, na mwezi ni muda mfupi. Kwa hiyo kunywa kwa subira, bilauri mbili kwa siku, wala usijitazame kwenye kioo kila asubuhi. Tangawizi nayo imejaribiwa kwa maumivu ya hedhi, na katika majaribio kadhaa iliyapunguza siku za mwanzo.

Najua mwatafuta mtoto, na hapa nisikilize sana. Ukihisi tu huenda umeshika mimba, liweke jagi kando mpaka umuulize daktari. Watakaokwambia uongeze rosela ipate rangi nyekundu, wakatalie kabisa; rosela haifai kwa mja mzito. Vidonge ulivyoandikiwa usiviache, na umwambie daktari unakunywa nini. Na hao wanaouza unga wa kusafisha kizazi, shoga yangu, usiwape hata shilingi. Kizazi hakisafishwi kwa unga, na nimeona wanawake wakiumia kwa vitu hivyo huku wakiona haya kusema.

Umesema ulipigwa skani tu. Rudi ukapimwe damu: tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) na sukari, kwa sababu tezi ikilegea nayo huvuruga hedhi vilevile, na hiyo haitibiwi kwa nanaa. Hedhi ikipita miezi mitatu bila kuja, usinyamaze. Ukuta wa ndani wa kizazi huendelea kunenepa, na ukiachwa hivyo miaka, hatari ya saratani ya kizazi huongezeka. Daktari ana dawa za kuileta hedhi, lakini hawezi kukupa asipojua.

Mdalasini wa Pemba na iliki nitakutumia kwa basi la Ijumaa. Ukipata majibu ya damu, nipigie baada ya isha, tuyasome pamoja.

Shoga yako akupendaye